Barua kwa Daudi Kabla Hajanunua Gari

Kurasini,
Dar es Salaam.
2 Februari 2025

Mwanangu Daudi,

Baba yako mdogo ametoka hospitali na sasa anakula vizuri, na joto la Februari ni lile lile unalolikumbuka. Nimefurahi kusikia kwamba mkeo Tumaini na watoto hawajambo, na kwamba yule mdogo ameanza chekechea bila kulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema una milioni 16 mkononi na njia tatu mbele yako: afisa mikopo wa benki anakushawishi uchukue gari jipya dukani ulipe kwa makato ya mshahara, rafiki zako wanakuambia uagize Japani, na mwenzako wa maabara anauza Toyota IST yake, namba D, kwa milioni 11. Unaniuliza ushike ipi. Umri wangu wote wa kazi nimekuwa nikitoa magari ya watu bandarini, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Tena najua hizo milioni 16 zimetoka wapi: ni zamu zako za usiku wodini, ni akiba ya SACCOS, na ni mambo mengi ambayo Tumaini ameyakosa bila kunung'unika. Sitaki ziyeyuke.

Neno langu kubwa ni hili. Bei ya gari ni fedha yote inayokutoka mpaka gari lisimame uani kwako likiwa na jina lako kwenye kadi, limefanyiwa matengenezo ya kwanza, lina bima, na mfukoni umebakiwa na kitu. Mtu akikutajia tarakimu iliyo pungufu ya hiyo, amekutajia kipande tu cha bei. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo nimeiona ikipotea hivyo kuliko gari. Kwa hiyo chukua daftari, tupige hesabu ya kila njia.

Nianze na gari jipya. Sikatai uzuri wake. Toyota Starlet mpya inayotengenezwa India, au Suzuki ndogo ya dukani, inakuja na dhamana ya kampuni, hakuna aliyeitumia vibaya kabla yako, na haina kodi ya uchakavu. Mtu mwenye biashara inayomtembeza barabarani kila siku, ambaye gari likilala gereji siku mbili anapoteza wateja, na ambaye analipa taslimu, huyo ningemwambia anunue jipya bila wasiwasi. Lakini wewe ungenunua kwa mkopo, na hapo hesabu inageuka. Miaka ya mwanzo ndiyo gari linaposhuka thamani kwa kasi zaidi, na hasara hiyo hubebwa na mnunuzi wa kwanza. Wewe ungeibeba huku unalipa riba juu ya bei ile ile ya siku ya kwanza. Benki pia itataka gari liwe na bima kubwa muda wote wa mkopo, na bima kubwa hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei kubwa lina malipo makubwa ya bima kila mwaka. Uliza vilevile dhamana inataka service ifanyike wapi. Kama karakana inayotambulika haipo huko kwenu Iringa, kila service ni safari, nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Afisa mikopo atakuambia usiogope, sheria inataka theluthi ya mshahara wako ibaki. Ni kweli, sheria inataka hivyo. Lakini Daudi, theluthi hiyo ndiyo italipa kodi ya nyumba, ada, chakula na mafuta ya hilo hilo gari, na mafuta hayana bei moja: EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nawe huwezi kujadiliana nao. Mama yako anakutegemea, na ugonjwa haubishi hodi. Kwa hali yako ya sasa, gari jipya kwa mkopo siliungi mkono, na nalisema hili nikijua umeshaliota.

Sasa tuje Japani. Ujue kwanza kwa nini magari yale hutoka yakiwa bado na nguvu. Kule kuna ukaguzi wa lazima wa serikali: gari jipya hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake ni nzito. Wenye magari wengi huona bora kuuza kuliko kuendelea kulipia. Barabara zao ni nzuri, nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana usukani hauhitaji kuhamishwa. Magari hayo hupita minadani, na mnadani kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo rafiki yako. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 ni gari lililotumika lakini linafaa. R au RA maana yake liliwahi kupata ajali au kubadilishwa sehemu za fremu, likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi utaona herufi: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu. Kilometa zimeandikwa hapo pia. Muuzaji wa Japani asiyekubali kukupa karatasi ya mnada, mwache. Anayo sababu.

Uliza pia gari limetoka mkoa gani. Yanayotoka kaskazini, kama Hokkaido, hukanyaga theluji iliyomwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma kutoka chini. Juu rangi inang'aa, uvunguni kumekwisha. Omba picha za uvungu. Mengine huja na matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini na huisha upesi kwenye lami yetu ya moto. Weka bei ya matairi manne kwenye daftari lako mapema.

Sasa kodi, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya gari peke yake. Unayoitaka ni CIF, yaani gari, bima ya safari na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam. Na hata hiyo, TRA hawalazimiki kuifuata. Wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na uko wazi mtandaoni: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, unaona thamani yao na kodi yote. Fanya hivyo kabla hujatuma hata senti.

Nikupe mfano. Tuseme thamani ni milioni 7, injini ni kati ya cc 1000 na 2000, na gari lina zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 1,750,000. Jumla inakuwa 8,750,000, na juu ya hiyo unahesabiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ni 437,500, na kodi ya uchakavu ya asilimia 30, ambayo ni 2,625,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, 2,126,250. Jumla ya kodi ni 6,938,750, na bado hujaweka tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala wa meli, wakala wa forodha na usajili. Umeona? Kodi imekaribia kuwa sawa na gari lenyewe.

Gari hilo hilo lingekuwa na umri chini ya miaka 8, kodi ya uchakavu isingekuwepo, na hizo kodi kuu zingeshuka hadi 3,841,250. Kati ya miaka 8 na 10 uchakavu ni asilimia 15. Kwa hiyo usikimbilie gari kwa sababu tu ni la mwaka 2004 na bei yake Japani ni ndogo. Linganisha jumla. Wakati mwingine gari la miaka 7 lililo ghali kidogo kule linafika hapa kwa bei inayokaribiana na la miaka 15, na unapata miaka minane ya uhai bila kuilipia sana. Angalia tu mwaka wa kutengenezwa, usichanganye na mwaka wa usajili. Na kwa kuwa bajeti husomwa kila Juni na viwango hubadilika kuanzia Julai, hesabu gari litafika mwezi gani, maana meli huchukua mwezi na zaidi.

Wengine watakuambia uchukue Passo ya cc 996, kwa kuwa injini isiyozidi cc 1000 haina ule ushuru wa asilimia 5. Kwa mfano wetu, ungeokoa 516,250. Ni fedha. Lakini wewe unaishi Iringa. Ukiwa na Tumaini, watoto wawili na gunia la mahindi la bibi yao, utaupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, ukitafuta nguvu ya kupita usiipate. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Posta na kurudi, Passo inatosha. Kwako wewe nataka injini ya cc 1300 au 1500, na gari lisilokaa chini mno, maana barabara ya kwenda kijijini kwa kina Tumaini naijua.

Kwa milioni 16, basi, usiangalie gari la zaidi ya miaka 10 lenye thamani ya TRA inayozidi milioni 6. Hapo gari na kodi vitafika kama milioni 12, gharama za bandari na usajili zitakula sehemu, na utabaki na fedha ya mafuta ya injini na ya gia boksi, filta, betri, matairi na bima. Wenye magari wengi niliowaona wakikwama bandarini hawakushindwa na kodi. Walishindwa kwa sababu hawakuihesabu. Gari linafika, mtu hana fedha ya kulitoa, siku za bure zinaisha, tozo ya kuhifadhi inaanza kuhesabika kila siku, na wengine magari yao yaliishia mnada wa forodha. Nimewaona vijana wakililia gari wanaloliona kwa macho nyuma ya uzio. Sitaki uwe mmoja wao.

Njia ya tatu ni ya mwenzako. Hii usiidharau, kwa sababu ina kitu ambacho Japani hawakupi: unamjua aliyeliendesha, unaweza kuligusa, na linaongea hapo hapo. Lakini kwanza nikutoe kwenye mtego wa namba. Watu husema namba D kana kwamba wametaja umri wa gari. Namba inakuambia tu gari lilisajiliwa Tanzania lini. IST yenye namba D inaweza kuwa ilitengenezwa mwaka 2003. Soma mwaka kwenye kadi.

Bei ya haki ya gari la mkononi hupatikana hivi. Tafuta kwanza gari la aina hiyo, mwaka huo, likiagizwa leo lingefika hapa kwa kiasi gani, kodi na gharama zote ndani. Hiyo ndiyo dari. Hakuna sababu ya kuivuka. Toa gharama ya kila kinachohitaji kutengenezwa sasa. Kisha toa kitu kwa ajili ya miaka ambayo limekwishatembea kwenye barabara zetu. Tuseme dari ni milioni 14 na fundi ameona matengenezo ya milioni 1.2. Inabaki 12.8. Kwa milioni 11, punguzo la miaka ya matumizi hapa nchini ni milioni 1.8 tu. Ni bei ya kuongea. Mimi ningeanzia 9.5 na kusimama 10, nikimwekea orodha ya fundi mezani ili aone sibishani kwa maneno matupu. Mwenzako akiwa mtu wa haki atakuelewa, na mtaendelea kusalimiana kazini.

Fundi awe wako, asiwe wa muuzaji, na mlipe hata kama gari hutalinunua. Mwende asubuhi injini ikiwa ya baridi, maana injini iliyokwishapashwa moto huficha mengi. Moshi wa bluu unasema injini inakula oili. Moshi mweupe usiokatika na maji ya rejeta yanayopungua yanatia shaka gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili, na ukikuta utando kama maziwa, funga na uondoke. Aweke mashine ya kupima, asome kama kuna hitilafu zilizofutwa ili taa ya injini isiwake. Sikiliza shokapu na bushi kwenye barabara mbaya, sio kwenye lami ya mjini. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Inua mazulia na upapase chini ya viti. Kama kuna kutu, tope kavu au harufu ya unyevu, huenda gari lilizama kwenye mafuriko; magari yaliyokunywa maji Dar es Salaam huuzwa mikoani, na umeme wake hausameheki. Kilometa za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama pedeli, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kilometa 60,000 huku pedeli ya breki imelika, linasema uongo.

Karatasi ni muhimu kama injini. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari isomeke na ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Kama ni la mtu mwingine, huyo mtu aje mwenyewe. Ona kadi halisi, kwa sababu gari lililowekwa dhamana ya mkopo mara nyingi kadi yake huwa imeshikwa na mkopeshaji. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, zilipwe kabla ya wewe kulipa. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na ulipe benki kwa akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Kisha badilisha umiliki TRA mara moja, na gharama ya kubadilisha mkubaliane mapema nani anailipa. Usikae na gari lenye jina la mtu mwingine hata kama ni rafiki. Mtu huyo akifariki, Mungu apishe mbali, gari lako linaingia kwenye mirathi ya watoto wake.

Ukipita kwa dalali, kubali kwamba anastahili ujira wake, lakini mkubaliane kiasi chake waziwazi na uongee bei na mwenye gari uso kwa uso. Vinginevyo ataweka cha juu usichokijua. Na usishawishike na BMW au Audi ya bei ya IST. Bei ile imeshuka kwa sababu wenye nazo wamechoka kutafuta spea. Spea za Toyota ndogo utazipata Iringa mjini, na fundi wa kuzifunga pia.

Sasa uamuzi. Kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia haya haya. Gari jipya liache mpaka utakapoweza kulinunua bila benki. Anza na la mwenzako, kwa sababu historia yake unaijua na fedha itakayobaki ni nyingi. Mpe fundi siku moja na karatasi siku moja. Likipita kote na bei ikashuka hadi milioni 10, linunue, na milioni mbili kati ya zitakazobaki ziweke akaunti ya peke yake ya matengenezo, usiziguse kwa jambo jingine. Mwenzako akikataa fundi, au akisema kadi utaipata baadaye, mshukuru na uache, hata kama ni mtu mnayekula naye chai kila siku. Hapo tutaagiza Japani, na mimi mwenyewe nitakutafutia wakala mwaminifu, maana bado wapo wananijua.

Muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwambie amuuzie huyo. Magari ni mengi. Fedha yako ni hiyo moja. Na daftari la hesabu mkae na Tumaini, alione lote, kwa kuwa hiyo akiba ni jasho lenu wawili.

Nitumie picha ya kadi na orodha ya fundi kabla hujatoa malipo yoyote, hata ya kushikia. Nitakupigia jioni hiyo hiyo.

Nisalimie Tumaini, uwabusu watoto, na mama yako umwambie nakuja Pasaka.

Akupendaye,
Shangazi yako